Bata Mwitu na Bata wa Kufugwa: Namna ya Kuwatofautisha na Maana Yake kwa Afya

Mgonjwa anapofika kituoni akiwa na homa kali, kikohozi na pumzi za kukatika, huulizwa kuhusu malaria, kifua kikuu, safari na chakula. Ni nadra kuulizwa iwapo katika siku za karibuni ameshika, amechinja au amenyonyoa ndege. Hata anapoulizwa, jibu lake huwa fupi: "Ndiyo, tulichinja bata." Jibu hilo ni mwanzo wa mazungumzo, wala si mwisho wake. Bata aliyeanguliwa uani na bata aliyenaswa ziwani huitwa kwa jina moja katika mazungumzo ya kila siku, ilhali njia ambazo maradhi huweza kupita kutoka kwao hadi kwa binadamu hazifanani, na hatua zinazopaswa kufuata hazifanani pia.

Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua bata mwitu na kumtofautisha na bata wa kufugwa katika mazingira ya Afrika ya Mashariki, na sababu za kitabibu za kufanya hivyo. Yameandikwa kwa ajili ya mtoa huduma za afya anayechukua historia ya mgonjwa, na pia kwa ajili ya mfugaji, mvuvi, mkulima wa mpunga na familia zao, ambao ndio hukutana na ndege hao kabla ya daktari yeyote.

Asili ya bata wa kufugwa

Bata wa kufugwa duniani wametokana na spishi mbili tu. Ya kwanza ni Anas platyrhynchos, bata mwitu wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, ambaye alianza kufugwa huko Asia maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka kwake wamepatikana bata weupe wakubwa wanaoitwa Pekin, bata wa kahawia wa Khaki Campbell wanaosifika kwa kutaga, na wengine wengi. Spishi ya pili ni Cairina moschata, aliyefugwa na wenyeji wa Amerika ya Kusini kabla ya Wazungu kufika huko. Huyu ndiye bata ambaye wengi wetu humwita wa kienyeji: mzito, mwenye mchanganyiko wa weusi na weupe, na mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu kuzunguka macho na juu ya mdomo. Ukienyeji wake ni wa mazoea tu, kwa maana mababu zake walivuka bahari.

Spishi hizo mbili hazina makazi ya asili katika Afrika ya Mashariki, na jambo hilo linaturahisishia kazi. Barani Ulaya, bata wa kufugwa na ndugu zake wa mwituni huogelea katika bwawa moja na huzaliana, hata mtaalamu huweza kusita kabla ya kutamka nani ni nani. Kwetu, bata mwitu ni wa spishi nyingine, wenye maumbo, rangi na sauti zao. Anayezifahamu alama chache atawatenganisha bila shida kubwa.

Alama za kutazama

Alama ya kwanza ni uzito na umbo. Maisha ya porini hayamruhusu ndege kubeba mafuta yasiyo na kazi. Bata mwitu wa kawaida katika maziwa na mashamba yetu ya mpunga ana uzito wa chini ya kilo 1 au unaozidi hapo kidogo. Bata mdogo kuliko wote, ambaye ana mdomo wa bluu, hufikia takribani robo kilo tu. Kwa upande mwingine, Pekin aliyekomaa hufikia kilo 3 hadi 4, na dume la bata mwenye vinundu huweza kuzidi kilo 5. Bata wa kufugwa huwa na tumbo linaloning'inia na sehemu ya nyuma iliyojaa, naye hutembea akiyumba. Bata mwitu ni mwembamba, na tumbo lake limekazana.

Alama ya pili ni rangi ya kundi zima. Kundi la bata mwitu wa spishi moja hufanana kana kwamba wameshonewa sare: kila mmoja ana baka lilelile mahali palepale. Katika kundi la bata wa kufugwa, mmoja ni mweupe, mwingine ana madoa, wa tatu ana bawa moja jeupe na jingine jeusi. Weupe usio na mpangilio ni alama ya mkono wa binadamu. Na bata mweupe mwili mzima ni wa kufugwa, kwa kuwa hakuna spishi ya bata mwitu wa Afrika ya Mashariki yenye rangi hiyo.

Alama ya tatu ni kichwa na mdomo. Vinundu vyekundu usoni humtambulisha bata wa kufugwa mwenye asili ya Amerika ya Kusini. Dume lenye kichwa cha kijani kinachometameta na ukosi mweupe shingoni ni wa uzao wa Anas platyrhynchos, na hapa kwetu achukuliwe kuwa ni wa kufugwa. Hata hivyo, yupo mgeni mmoja kutoka kaskazini ambaye dume lake nalo lina kichwa cha kijani: ni bata mwenye mdomo mpana kama kijiko, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Huyo hana ukosi mweupe, na mdomo wake hauwezi kusahaulika. Miongoni mwa wakazi wa kudumu, wanaoonekana zaidi ni bata mwenye mdomo wa manjano, bata mwenye mdomo mwekundu na utosi wa kahawia iliyoiva, na bata mwenye uso mweupe na shingo nyeusi ambaye husimama wima kwa miguu mirefu.

Alama ya nne ni sauti. Jike la uzao wa Pekin hupiga kelele ile ijulikanayo na kila mtoto. Bata mwenye vinundu hana sauti hiyo. Dume hufoka kwa pumzi nzito, na jike hutoa mlio hafifu. Bata mwenye uso mweupe hupiga mluzi, tena wa silabi tatu, na husikika usiku akipita juu ya mashamba. Mgonjwa anayesema kwamba bata aliyemnasa "alikuwa anapiga mluzi" amekwisha kujibu swali letu.

Alama ya tano ni kuruka, lakini hii ina mitego. Pekin hawezi kuruka kwa sababu ya uzito, ilhali jike la bata mwenye vinundu huruka hadi juu ya paa au mti. Kwa hiyo kuruka peke yake hakumfanyi bata kuwa wa mwitu. Vilevile, kutoruka hakumfanyi kuwa wa kufugwa, maana bata mwitu hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa hubaki majini bila uwezo wa kupaa.

Alama ya sita ni hofu. Bata mwitu mzima humkimbia binadamu akiwa bado mbali. Anayekubali kusogelewa hadi kushikwa kwa mkono, anayezungukazunguka, anayepinda shingo au anayeogelea kwa duara, si mpole. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mgonjwa. Watoto ndio huwa wa kwanza kumkuta ndege wa namna hiyo, na ndio huwa wa kwanza kumchukua nyumbani kwa huruma. Kila mzazi aishiye kando ya maji hana budi kuwafundisha wanawe kwamba bata mwitu aliyekubali kushikwa asishikwe.

Watatu wanaochanganya

Wapo ndege watatu wa mwituni ambao huwachanganya hata watu wazoefu.

Wa kwanza ni bata bukini mkubwa mwenye rangi nyeusi na nyeupe, Plectropterus gambensis. Dume lake lina ngozi nyekundu isiyo na manyoya usoni, na kwa mbali huweza kudhaniwa kuwa bata mwenye vinundu. Tofauti zao ni hizi: huyu wa mwituni ana miguu mirefu, mdomo mrefu mwekundu, na kwenye kiungo cha bawa ana mwiba mfano wa kipi cha jogoo. Kumtambua kuna faida nyingine ya kiafya. Huko Afrika ya Magharibi imeelezwa kwamba ndege huyu akila mbawakawa wenye sumu ya kantharidini, sumu hiyo hubaki katika nyama yake na huweza kumdhuru mlaji, na moto wa jikoni hauiondoi.

Wa pili ni bata ambaye dume lake lina nundu nyeusi juu ya mdomo, Sarkidiornis melanotos. Nundu hiyo ni moja, ni nyeusi, na imesimama juu ya mdomo tu. Vinundu vya bata wa kufugwa ni vingi, ni vyekundu, na vimezunguka macho.

Wa tatu ni bata bukini wa Misri, mwenye baka la kahawia lililozunguka jicho. Huyu hutembea bila wasiwasi katika bustani, viwanja vya gofu na mabwawa ya majitaka, hata watu hudhani ana mwenyewe. Ni ndege wa mwituni aliyezoea watu, na mazoea yake hayamtoi katika kundi la ndege wa mwituni.

Kwa nini daktari ajali

Sababu kubwa ni mafua ya ndege. Bata mwitu na ndege wengine wa majini ndio makao ya asili ya virusi vya influenza aina ya A. Ndani ya mwili wa bata, virusi hivyo huzaliana hasa katika utumbo, hutoka na kinyesi, huingia majini, na bata mwingine huvinywa. Aina nyingi za virusi hivyo haziwadhuru bata. Madhara makubwa hutokea pale baadhi ya virusi vya jamii ya H5 na H7 vinapoingia katika mabanda ya kuku, vikabadilika, na kuwa vikali.

Historia inatutaka tuwe waangalifu katika kulaumu. Ukoo wa virusi vya H5N1 vinavyoisumbua dunia ulitambuliwa mwaka 1996 kwa bata bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China. Mwaka 1997, watu 18 waliugua huko Hong Kong na 6 wakafariki. Kuku zaidi ya milioni 1 waliuawa ili kuzuia maambukizi. Mwaka 2005, ndege wa mwituni walikufa kwa maelfu katika Ziwa Qinghai, China, na mwaka 2006 virusi viliripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Nigeria. Tangu mwaka 2003, zaidi ya watu 900 duniani wamethibitika kuugua H5N1, na takribani nusu yao wamefariki. Virusi vilianza kama vya kawaida kwa bata mwitu, vikawa vikali kwa ndege wa kufugwa, kisha vikarudi mwituni na kusafirishwa kwa mabawa.

Kwetu hili si jambo la kusikia kwa mbali. Mapema mwaka 2017, Uganda ilithibitisha mafua ya ndege ya aina ya H5N8 baada ya ndege wa mwituni kufa kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, na bata na kuku wa kufugwa kufa katika eneo la Masaka. Wengi wa ndege wa mwituni waliokufa walikuwa buabua, wahamaji wadogo wa majini. Kenya ilizuia uingizaji wa kuku na mazao yake kutoka Uganda. Mwaka huohuo virusi vya aina hiyo viliripotiwa pia katika jimbo la Ituri, Kongo, kwenye eneo la Ziwa Albert.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Aprili, bata wahamaji kutoka Ulaya na Asia huungana na bata wakazi katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa, katika mabwawa na katika mashamba ya mpunga. Huo ndio msimu ambao maswali ya daktari kuhusu ndege yanapaswa kuwa makali zaidi.

Hatari iko mahali wanapokutana

Baada ya kujifunza kuwatofautisha, wengi huvutwa na hitimisho rahisi: wa mwitu ni hatari, wa kufugwa ni salama. Hitimisho hilo si sahihi, na ndilo linaloweza kugharimu maisha.

Bata wa kufugwa huweza kuambukizwa virusi vikali bila kuonyesha dalili, akaendelea kula, kuogelea na kutoa virusi katika kinyesi. Kuku aliyeambukizwa virusi hivyohivyo hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mfugaji anayeona kuku wake wanakufa na bata wake wanadunda asitulize moyo kwa kusema, "Bata wazima, basi ni kideri tu." Huenda bata hao ndio walioleta ugonjwa kutoka ziwani. Nchini Thailand, katika milipuko ya mwaka 2004, bata wa kufugwa waliokuwa wakichungwa katika mashamba ya mpunga walihusishwa kwa kiasi kikubwa na kuenea kwa H5N1.

Kwa hiyo mtu wa kawaida mara nyingi huwa mbali na bata mwitu aliye katikati ya ziwa, na karibu sana na bata wa uani ambaye asubuhi hushuka ziwani, huchanganyika na wageni, na jioni hurudi kulala jirani na kuku na jikoni. Huyo ndiye kiungo.

Maswali ya kumuuliza mgonjwa

Mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi, kikohozi na pumzi za shida, hasa anayezidi kudhoofika kwa kasi, aulizwe kwa upole maswali yafuatayo:

1. Katika siku 10 kabla ya kuugua, ulishika, ulichinja, ulinyonyoa au ulisafisha banda la ndege?
2. Mama, au baba, bata huyo mlimpata wapi: uani, sokoni au majini?
3. Alikuwaje: mkubwa au mdogo, rangi gani, mdomo wa namna gani, sauti gani?
4. Bata wenu hushinda wapi mchana, na ndege gani wengine huwaona hapo?
5. Kuna kuku au ndege waliokufa nyumbani, kwa jirani au ufukweni?

Mgonjwa asiulizwe kwa namna ya kumtuhumu. Kuwinda au kunasa ndege wa mwituni bila kibali ni kosa kisheria, na mtu anayeogopa kushtakiwa atasema kwamba bata alinunuliwa sokoni. Aelezwe waziwazi kwamba kinachotafutwa hapa ni tiba yake na usalama wa familia yake.

Majibu yakileta shaka, mgonjwa atengwe, mtoa huduma avae barakoa, glovu na kinga ya macho, sampuli za usufi wa koo na pua zichukuliwe kwa utaratibu wa taifa, na mganga mkuu wa wilaya pamoja na afisa mifugo waarifiwe siku hiyohiyo. Hapo ndipo aina ya bata inapoamua mwelekeo wa ufuatiliaji. Akiwa ni wa mwitu, watafutwe wote walioshiriki kumnasa, kumbeba na kumla, na ufukwe ukaguliwe. Akiwa ni wa kufugwa, likaguliwe banda, kundi lote, soko alikotoka na majirani. Dawa ya oseltamiviri hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza, kwa hiyo mgonjwa anayeshukiwa asisubiri majibu ya maabara ndipo aanze kutibiwa. Kipimo cha malaria chenye majibu chanya kisifunge mjadala, maana malaria na nimonia huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa mfugaji na familia

Bata na kuku wasilale banda moja. Bata wapewe maji yao, na chakula kiwekwe chini ya paa ili ndege wa mwituni wasikifikie. Katika msimu wa wahamaji wasiachwe kwenda ziwani au mashambani. Ndege aliyekufa ghafla asichinjwe, asiuzwe wala asitupwe majini; asiguswe kwa mikono mitupu, na afisa mifugo aitwe. Anayechinja na kunyonyoa bata afanye hivyo mbali na watoto, kisha anawe mikono kwa sabuni na maji tiririka. Nyama ipikwe hadi ndani isibaki na wekundu, kwa kuwa joto la nyuzi 70 likifika kila sehemu ya nyama huua virusi. Mayai ya bata nayo yapikwe hadi kiini kigande, kwa sababu huweza pia kuwa na bakteria wa salmonela.

Mwisho, bata mwitu wasifukuzwe wala wasiuawe kwa hofu. Ndege wanaotimuliwa hutawanyika, na kama wana maradhi, huyapeleka mahali papya. Kazi iliyo mikononi mwetu ni kuwajua, kuwaacha kwenye maji yao, na kuwazuia wa kwetu wasichanganyike nao. Na pale mgonjwa atakaposema kwamba alichinja bata, mtoa huduma asiandike neno hilo moja na kupita. Aulize: bata gani?